Gari la 4x4 Linachemsha na Kumaliza Maji: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Maswali yanayoletwa kuhusu jambo hili hufanana mno. Rejeta imebadilishwa, thamostati (vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) imetolewa, pampu ya maji ni mpya, na gari bado linachemsha kwenye mlima uleule. Karibu kila mara utakuta vipuri vilinunuliwa kwanza, upimaji ukaachwa mpaka hela ilipoisha.

Hapa tunakwenda kinyume. Tunaanza kwa kujua maji yanaenda wapi, kisha tunatazama joto linapanda wakati gani. Ukishapata majibu ya hayo mawili, kipuri cha kununua hujitaja chenyewe. Usiruke hatua kwa sababu fundi amekwisha kusema "hiyo ni gasketi". Huenda ni gasketi kweli, yaani ile inayoziba kati ya bloku ya injini na silinda hedi iliyo juu yake, lakini mfuniko wa rejeta uliochoka hutoa dalili zinazokaribiana nayo sana, na gharama za vitu hivyo viwili hazikaribiani hata kidogo.

## Vifaa vya kuandaa

Vya lazima:

- Tochi yenye mwanga mkali na kioo kidogo cha kuchungulia mafichoni
- Glovu nene, miwani ya kukinga macho na kitambaa kizito
- Bisibisi, plaizi ya klipu za hozi na seti ya spana
- Beseni safi la kukinga maji
- Kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) ya aina inayotajwa kwenye kitabu cha gari, na maji yaliyochujwa madini
- Chupa yenye vipimo vya mililita
- Utepe wa karatasi na kalamu
- Pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, pamoja na adapta inayokaa kwenye mdomo wa rejeta yako

Vya kuazima kama huna: kipimajoto cha miale, kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, na kipimo cha kemikali cha kugundua gesi ya injini ndani ya maji.

Kifaa cha kusomea kompyuta kina faida ambayo wengi hawaijui. Kwenye magari mengi ya kisasa mshale wa temperecha umetengenezwa ukae katikati hata joto likitembea nyuzi ishirini au zaidi. Mpaka mshale unyanyuke, injini imeshakaa kwenye joto baya kwa muda. Kifaa hukupa namba halisi, na namba hiyo ndiyo utakayoiandika kwenye daftari.

## Hatua ya 1: Acha injini ipoe kabisa

Kazi hii huanza asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha mahali tambarare.

Sababu ni presha. Mfuniko wa rejeta wa bar 1.1 huongeza kiwango cha kuchemka, kiasi kwamba hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 121 za Selsiasi. Ukiufungua yakiwa na nyuzi 110, presha inaondoka ghafla, na maji hayo yote yanakumbuka kwamba yalitakiwa kuchemka kwenye 100. Yanageuka mvuke na kuruka usoni kwako.

Onyo: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Watoto na wanyama huvutiwa nayo. Iliyomwagika ioshe kwa maji mengi, na uliyoikinga iweke kwenye chombo chenye mfuniko.

Utajua hatua imekamilika: hozi ya juu ya rejeta ni ya baridi na ukiibonyeza inalegea. Ikiwa bado ni ngumu baada ya usiku mzima, andika jambo hilo kwenye daftari. Ni dalili nzito, tutairudia kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba maji yanapotea kweli

Wapo wanaohangaika na uvujaji usiokuwepo. Mtu anajaza tangi la akiba mpaka mdomoni, maji yanapanuka kwa joto, yanamwagika, asubuhi kiwango kimeshuka, naye anajaza tena. Mfumo huo mzima hauna tatizo. Unatema tu ziada.

Jaza rejeta mpaka juu, tangi la akiba lijaze hadi alama ya baridi, kisha bandika utepe wa karatasi kwenye usawa huo. Endesha gari kama kawaida siku chache. Kila asubuhi angalia kabla ya kuwasha. Ukilazimika kuongeza, ongeza kwa chupa ya vipimo na uandike mililita na safari ya jana ilikuwa ya namna gani.

Rekodi hiyo inasema mengi. Maji yanayopungua gari likiwa limelala yanaelekeza kwenye hozi, rejeta au pampu inayovuja baridi. Yakipungua baada ya mlima au kuvuta trela tu, tafuta tatizo linaloonekana chini ya presha kubwa. Yakipungua kila siku na sakafu ni kavu, huenda yanaungulia ndani, au yanakauka kabla ya kufika chini.

Tofautisha pia na maji ya kiyoyozi. Hayo hudondoka karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hayana rangi, hayana harufu, na ukiyasugua vidoleni hayatelezi. Kulanti huteleza.

Utajua hatua imekamilika: una namba, hata kama ni "mililita 200 kwa siku tatu". Mfumo mzima haudai maji kila wiki. Ukidai, endelea.

## Hatua ya 3: Kagua kwa macho, injini ikiwa baridi

Usitafute tone tu. Kulanti inayovuja kidogokidogo kwenye kitu cha moto hukauka kabla haijafika chini na kuacha mchirizi mweupe, wa kijani au wa waridi. Mchirizi huo ndio unaoutafuta.

Pita sehemu hizi, tochi mkononi:

- Shingo ya juu ya rejeta na maungio ya plastiki. Rejeta nyingi zina matangi ya plastiki yaliyobanwa kwenye alumini. Plastiki ikigeuka rangi ya kahawia na kuwa ngumu, ufa huanzia kwenye shingo au pale inapobanwa.
- Hozi zote, hasa ndogo. Zikunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo au sehemu iliyovimba karibu na klipu, hozi imekwisha.
- Pampu ya maji. Chini ya shafti yake kuna kitundu kidogo cha kutolea maji sili ikichoka. Mchirizi mkavu hapo unatosha kuihukumu. Kama pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, kitundu kimefichwa nyuma ya kava, na maji yanayovuja hapo yanaweza kuulowesha mkanda wenyewe. Hilo usiliahirishe.
- Maungio ya hita. Kwenye magari mengi ya 4x4 hozi za hita zinaungwa kwa kiungo cha plastiki chenye matawi matatu nyuma ya injini, mahali pa moto na pasipoonekana. Kikivunjika hakivuji, kinamwaga kila kitu kwa dakika chache.
- Hita ya nyuma. Gari la viti vya safu tatu mara nyingi lina mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu kwenda nyuma. Matope na mawe huyala. Lala chini uyatazame urefu wote.
- Ndani ya gari. Zulia la mbele lililolowa, harufu tamu hita ikiwashwa, au ukungu wenye utelezi kwenye kioo cha mbele ni dalili ya hita ya ndani kuvuja.

Sasa chomoa kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inamaanisha maji yameingia. Lakini usikurupuke: utando mwepesi wa rangi hiyo chini ya mfuniko peke yake, kijiti kikiwa safi, huweza kuwa unyevu tu kwenye gari la safari fupifupi.

Kwa gari la gia za otomatiki, angalia na mafuta ya gia. Yakiwa na rangi ya waridi yenye povu, kipoza mafuta kilichomo ndani ya rejeta kimepasuka na maji yameingia kwenye gia boksi. Usiwashe gari tena. Kila kilomita unayoongeza unaitafuna gia boksi.

## Hatua ya 4: Chunguza mfuniko wa rejeta

Ni kipuri cha bei ndogo na ndicho kinachorukwa zaidi.

Mfuniko una vali mbili. Moja huzuia presha mpaka kiwango kilichoandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1. Nyingine hufunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka kwenye tangi la akiba. Vali ya kwanza ikichoka, maji yanasukumwa nje mapema na kuchemka kwa joto la chini. Ya pili ikiganda, maji hayarudi, na asubuhi unakuta hozi ya juu imebonyea kwa kuvutwa ndani huku tangi la akiba limejaa.

Angalia mpira wake: usiwe na mikato wala umekuwa mgumu. Kisha safisha mdomo wa rejeta mahali mpira unapokaa, maana mfuniko mpya hauwezi kuziba juu ya kutu. Pampu nyingi za kupimia zina adapta ya mfuniko. Upige presha uone unaachia kwa kiwango gani.

Usifunge mfuniko wa presha kubwa kuliko ulioagizwa ukidhani unaongeza usalama. Presha hiyo ya ziada itatafuta sehemu dhaifu kuliko zote, na kawaida ni hita ya ndani.

## Hatua ya 5: Piga presha

Hapa ndipo wengi wanapopata jibu, na ndipo wengi wasipofika.

Jaza maji mpaka mdomoni, funga pampu ya mkono badala ya mfuniko, na upige taratibu hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko. Usizidishe. Kisha acha, angalia saa, na uzunguke gari.

Sindano ikikaa palepale dakika 15, mfumo hauvuji ukiwa baridi. Ikishuka na maji yanaonekana mahali, umemaliza: rekebisha hapo, upime tena. Ikishuka na huoni hata unyevu, fuata mpangilio huu.

Kwanza sikiliza. Weka sikio karibu na mdomo wa bomba la moshi, kisha kwenye shimo la mfuniko wa oili. Mchuruziko mdogo au mlio wa viputo husikika kama pana utulivu.

Pili, gusa zulia tena na matundu ya hita.

Tatu, rudisha presha kwenye kiwango na uiache saa kadhaa, hata usiku mzima. Asubuhi, kabla ya kuwasha, toa plagi zote kwa injini ya petroli, au hita plagi kwa injini ya dizeli. Zima pia ulishaji wa mafuta na mwasho kwa kuchomoa fyuzi au soketi zinazohusika. Funika matundu kwa kitambaa, simama pembeni, kisha mtu apige stata. Silinda iliyokuwa inaingiza maji itayatema.

Onyo: usipige stata plagi zikiwa ndani ukihisi silinda ina maji. Maji hayabanwi. Pistoni ikikutana nayo, konrodi, yaani fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Stata ikigoma ghafla katikati ya mzunguko, acha hapohapo.

Plagi zenyewe zitazame kwa makini. Moja ikiwa safi na kavu mno kuliko wenzake, silinda hiyo inaoshwa na mvuke.

Kuna uvujaji unaojificha kwenye baridi na kujitokeza kwenye joto, kwa sababu vyuma hupanuka. Kwa hiyo rudia kipimo injini ikiwa ya uvuguvugu. Na kinyume chake kipo: klipu ya hozi inayovuja asubuhi ya baridi na kuziba yenyewe ikipata moto. Ndiyo maana ukienda kwa fundi mchana anakuambia haoni kitu.

Sasa lile la hozi ngumu asubuhi. Presha ya kawaida hupotea injini ikipoa kwa sababu maji hunywea. Hozi ikibaki ngumu baada ya usiku mzima, kuna kitu kingine kiliingizwa kwenye mfumo, na kitu hicho ni gesi ya silinda.

Utajua hatua imekamilika: sindano haisogei kwa dakika 15 baridi na vuguvugu, au una mahali pa kunyooshea kidole.

## Hatua ya 6: Pima gesi ya injini ndani ya maji

Fanya hatua hii ikiwa maji yanapotea bila kuonekana, au hozi zinakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto.

Kipimo cha kemikali ni chupa yenye kimiminika cha bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Punguza maji kidogo ili yasivutwe ndani ya chupa, washa injini, na uvute hewa ya juu ya maji ipite kwenye kimiminika. Kikigeuka kijani au njano, kuna hewa ukaa, yaani gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi ina ufa.

Jibu la "hapana" lipokee kwa tahadhari, hasa kwa dizeli. Ikiwa kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, dizeli hutoa hewa ukaa kidogo, na ufa mdogo hufunguka chini ya mzigo tu. Endesha gari mlimani kwanza, liache lipoe mpaka uweze kufungua kwa usalama, kisha pima tena.

Huna kemikali? Jaza rejeta hadi mdomoni injini ikiwa baridi, toa mkanda unaoendesha pampu ya maji kama upo nje, washa kwa nusu dakika tu na utazame uso wa maji. Pampu ikiwa imesimama, maji hayana sababu ya kutoa viputo. Vikija mfululizo, umeona gesi kwa macho yako. Usizidishe muda huo, maana injini haina mzunguko wa maji.

Kabla hujafungua hedi kwenye dizeli yenye kipoza gesi ya moshi, yaani EGR cooler, kihakikishe kwanza. Kipoza hicho kimepitiwa na maji. Kikitoboka ndani, maji yanaingia upande wa gesi na kutoka kama moshi mweupe wenye harufu tamu, gasketi ikiwa nzima kabisa. Fungua bomba lake upande wa gesi, piga presha kwenye mfumo wa maji, uangalie kama panalowa. Hedi nyingi zimefunguliwa bure kwa kuruka kipimo hiki cha nusu saa.

## Hatua ya 7: Maji yapo, lakini gari linachemsha

Kama mfumo umeshika presha na hauna gesi, acha kutafuta uvujaji. Sasa swali ni lini joto linapanda.

Likipanda kwenye foleni au mwendo wa pole, likashuka ukikimbia: hewa haitoshi. Mshukiwa wa kwanza ni feni.

Magari mengi ya 4x4 yana feni ya klachi ya mnato, yenye oili ya silikoni ndani. Injini ikiwa imezimwa na bado ya moto, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kukupinga na kusimama mara unapoiachia. Ikiendelea kuzunguka yenyewe kwa wepesi, klachi imechoka. Mchirizi wa oili nyeusi unaoanzia katikati kwenda nje una maana hiyohiyo. Ikiwa na mchezo mbele na nyuma, beringi imekwisha, na siku moja mapanga yatakutana na rejeta. Usithubutu kuijaribu kwa mkono au kitu chochote injini ikiwa inaunguruma.

Angalia na kava linalozunguka feni. Bila kava hilo feni inachota hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Gari lililonyanyuliwa bodi ni la kuangaliwa zaidi hapa: rejeta imepanda na bodi, feni imebaki na injini, na kava halikai tena sawa.

Likipanda kwenye mlima, mzigo au mwendo kasi: maji hayapiti vizuri, au hewa haipiti kwenye mapezi. Pitisha kipimajoto cha miale juu ya rejeta yote injini ikiwa na moto. Joto lishuke taratibu kutoka upande wa kuingilia hadi wa kutokea. Ukikuta madoa ya baridi katikati, mirija hapo imeziba. Mtu mwingine akikanyaga mafuta, tazama hozi ya chini: ikibonyea, pampu inavuta na rejeta haitoi.

Likipanda mapema baada ya kuwasha: thamostati, hewa iliyonaswa, au gasketi uliyokwisha kuipima.

Thamostati ni rahisi kuhukumu. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Joto la kufunguka limechongwa juu yake. 76, 82 na 88 ni namba za kawaida. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo na iwe wazi kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye.

Na hapa niseme jambo ambalo linanichosha kuliko yote. Kutoa thamostati na kuacha pakiwa patupu hakuponyi gari. Kwenye injini nyingi za magari haya thamostati ina sahani ya pili chini yake inayoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linachelewa kupata moto asubuhi, kisha linachemsha vizuri zaidi mlimani. Kama fundi aliitoa, irudishe kabla hujapima kitu kingine. Ikiwa na kitundu chenye kipini kidogo kinachocheza, kwa kawaida kitundu hicho hukaa juu, hewa ipitie hapo.

## Hatua ya 8: Yale ya 4x4 peke yake

Magari haya huchemsha kwa sababu ambazo gari dogo la lami halizijui.

Simama mbele ya gari na uhesabu vilivyo mbele ya rejeta: bampa ya chuma, winchi, taa za ziada, kondensa ya kiyoyozi, kipoza mafuta ya gia. Kila kimoja kinakula hewa. Taa zilizofungwa katikati ya grili zihamishe, ujaribu tena njia ileile.

Kisha legeza rejeta na uchungulie kati yake na kondensa. Humo hukaa mbegu za nyasi, manyoya na tope lililokauka, na kwa mbele huoni chochote. Osha kwa maji ya mgandamizo mdogo kutoka upande wa feni kuja mbele, uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya presha kubwa hulaza mapezi na kukuongezea tatizo.

Umevuka mto karibuni? Mapanga ya feni yakikutana na maji hupinda kwenda mbele na kukwangua rejeta. Tafuta alama ya duara kwenye mapezi. Na kama ulifunika grili kwa turubai kuvukia, hakikisha umelitoa.

Kwenye mchanga au mwinuko mkali kwa gari la otomatiki, tumia gia za chini (low) za transfa, ile gia boksi ya pili ya 4x4. Toki konveta, yaani kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi ya otomatiki, inayoteleza kwa mwendo wa pole huzalisha joto jingi, na joto hilo linaishia kwenye kipoza kilichomo ndani ya rejeta. Mara nyingine gari halina ubovu wowote. Linaendeshwa kwenye high mahali pa low.

Ukipanda nyanda za juu, kumbuka pia kwamba kila mita 300 huondoa karibu nyuzi moja kwenye kiwango cha kuchemka. Mfuniko uliochoka hujificha pwani na kuumbuka mlimani.

## Likikuchemkia njiani

Zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho wa joto na feni yake kasi ya juu. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Punguza mzigo, tafuta mahali salama.

Kama kuna mvuke au maji yanamwagika, zima injini mara moja. Kama hakuna, na feni inazunguka, injini kwenye mizunguko 1,500 hivi huweza kushusha joto. Lisiposhuka ndani ya dakika mbili, zima.

Mshale ukianguka ghafla na hita ikapuliza baridi, usishangilie. Sensa haina tena maji ya kugusa. Zima.

Usifungue mfuniko kabla ya saa nzima, na usimwage maji baridi ndani ya injini ya moto. Hedi za alumini hupinda na kupasuka namna hiyo.

## Hatua ya 9: Jaza na utoe hewa

Ukisharekebisha, kazi inaweza kuharibika hapa. Hewa iliyonaswa kwenye hedi huchemsha injini isiyo na kosa.

Paki pua ya gari ikiwa juu, hita kwenye joto, pamoja na ya nyuma kama ipo. Fungua skrubu za kutolea hewa kama injini inazo. Mimina taratibu nusu kwa nusu kulanti na maji yaliyochujwa madini, isipokuwa kitabu kinasema vingine au kulanti imekuja tayari imechanganywa. Washa bila mfuniko, acha ipate moto, ukiongeza maji kila yanaposhuka na kubonyabonya hozi ya juu. Thamostati ikifunguka kiwango kitashuka kwa mkupuo, jaza, funga.

Usichague kulanti kwa rangi. Rangi ni uamuzi wa mtengenezaji, na mbili za rangi moja zinaweza kuwa na kemikali zisizopatana. Dawa za kuziba uvujaji nazo ziache. Zinaziba na mirija ya hita.

Utajua hatua imekamilika: hita inapuliza moto mfululizo kwenye sailensa, na hakuna mlio wa maji yanayogugumia nyuma ya dashibodi.

## Hatua ya 10: Jaribio la barabarani

Kifaa cha kusomea kikiwa kimechomekwa, endesha kwanza tambarare, kisha foleni au sailensa ndefu ukiwa na kiyoyozi, kisha mlima uliokuwa unakusumbua. Andika joto la juu kabisa la kila sehemu. Kwenye tambarare litulie karibu na namba ya thamostati au juu yake kidogo. Mlimani linaruhusiwa kupanda, lakini lirudi chini upesi mzigo ukiisha. Linalopanda ngazi kwa ngazi bila kurudi bado lina kizuizi mahali; rudi hatua ya 7.

Asubuhi inayofuata tazama utepe. Kiwango kinaweza kushuka kidogo siku ya kwanza au ya pili hewa ya mwisho ikitoka. Baada ya hapo kisiguse chini ya alama.

Na kama vipimo vimethibitisha gasketi, usikubali ibadilishwe hedi ikiwa haijapimwa. Ipelekwe kwenye mashine ikaguliwe unyoofu kwa rula ya chuma na vipimo vya unene, halafu ipigwe presha kutafuta nyufa. Boliti zinazovutika wakati wa kukaza zisirudishwe. Nunua mpya, zikazwe kwa mpangilio na nyuzi za mzunguko zilizoandikwa kwenye kitabu. Muombe fundi akuonyeshe gasketi ya zamani: pale ilipoungua pana njia nyeusi inayotoka kwenye silinda kwenda kwenye tundu la maji. Ikiwa nzima pande zote, gesi ilikuwa inapita kwenye ufa, na hedi hiyo isifungwe mpaka ufa upatikane.